Jinsi ya Kupima Hatari ya Upendeleo Katika Tafiti za Kohoti: Mwongozo Kamili kwa Anayeandika Mapitio ya Kimfumo

Katika mapitio ya kimfumo, yaani kazi ya kukusanya na kupima tafiti zote zinazojibu swali moja, jedwali la hatari ya upendeleo ndilo linalorudishwa na wasimamizi na wahakiki mara kwa mara. Kwa macho huwa zuri: kila utafiti una nyota zake, rangi zimepangwa, jumla imepigwa. Lakini mwulize aliyelijaza kwa nini utafiti fulani umepewa nyota ya ulinganifu, naye atajibu kwamba waandishi "wamerekebisha kwa umri na jinsia". Swali la kama umri na jinsia ndivyo vilivyopaswa kurekebishwa hajajiuliza.

Mwongozo huu ni kwa wanaokwama hapo. Kabla ya yote, tuelewane: upendeleo hapa si nia mbaya ya mtafiti. Ni jambo lolote katika mpango au uendeshaji wa utafiti linalovuta jibu kuelekea upande mmoja, mbali na ukweli. Uchache wa washiriki si upendeleo. Uandishi mbovu si upendeleo. Kukosa kibali cha maadili ni kosa kubwa, lakini nalo si upendeleo.

Maneno manne yatajirudia. Kohoti ni kundi la watu linalofuatiliwa kwa muda ili kuona nani anapatwa na nini. Kiathiri ni kile kinachochunguzwa, kama dawa, tohara au moshi wa kuni. Tokeo ni kinachofuatiliwa, kama ugonjwa au kifo. Kadirio ni namba inayounganisha hivyo viwili, kwa mfano uwiano wa hatari.

Mfano wetu mkuu utakuwa tohara ya wanaume na maambukizi ya VVU. Nimeuchagua kwa sababu kohoti zake muhimu zilifanyika hapa kwetu, Rakai nchini Uganda na Mombasa nchini Kenya, na baadaye majaribio ya nasibu, yanayogawa watu kwenye makundi kwa kura, yalitoa jibu. Ni nadra kupata nafasi ya kukagua hukumu zetu namna hiyo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Swali la mapitio lililokamilika: watu gani, kiathiri gani, kinalinganishwa na nini, tokeo gani, kwa muda gani.
- Makala kamili ya kila utafiti, pamoja na viambatisho na itifaki yake (mpango ulioandikwa kabla ya utafiti kuanza) kama ipo. Muhtasari hautoshi. Kohoti kubwa huchapisha makala nyingi, na maelezo ya namna watu walivyosajiliwa mara nyingi yamo kwenye makala ya zamani kuliko hiyo uliyonayo.
- Fomu ya kifaa cha kupimia pamoja na maelekezo yake. Vinapatikana bure mtandaoni.
- Msomaji wa pili atakayepima bila kuona majibu yako.
- Mtu anayeujua ugonjwa wenyewe kitabibu. Utamhitaji katika hatua ya 3.
- Jedwali la Excel lenye safu tano: swali, jibu, nukuu kutoka kwenye makala, ukurasa, na sababu ya jibu lako.

Safu ya nukuu ndiyo itakayokuokoa. Jibu lisilo na nukuu ni kumbukumbu tu, na kumbukumbu ya makala uliyosoma wiki tatu zilizopita haiaminiki.

## Hatua ya 1: Chagua kifaa kinacholingana na swali

Kama kiathiri ni tiba au kinga ambayo mtu angeweza kupewa, tumia ROBINS-I, iliyochapishwa mwaka 2016 na inayopendekezwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya kimfumo ya afya, kwa tafiti za tiba zisizo za nasibu. Kama ni kitu kinachompata mtu, mfano hewa chafu au kemikali kazini, iko ROBINS-E. Kama unatafuta dalili za kutabiri mwenendo wa ugonjwa, tumia QUIPS.

Wengi hukimbilia fomu ya Newcastle-Ottawa kwa sababu ni fupi. Ina nyota 9: nne za uteuzi wa washiriki, mbili za ulinganifu wa makundi, tatu za tokeo. Sikukatazi kuitumia, hasa kama chuo chako kinaitaka, lakini angalia hesabu hii. Utafiti uliopata nyota zote nne za uteuzi na zote tatu za tokeo, bila hata moja ya ulinganifu, una nyota 7. Kwa mpaka unaotumiwa na waandishi wengi, nyota 7 ni "ubora wa juu". Maana yake, utafiti ambao haukurekebisha chochote unaweza kuitwa bora.

Onyo: usijumlishe nyota. Ripoti kila kundi la nyota peke yake.

Kuanzia hapa natumia nyanja saba za ROBINS-I ya 2016. Kuna toleo jipya zaidi lenye mpangilio uliobadilishwa kidogo. Ukilitumia, litaje wazi.

Umefanikiwa ukiona: unaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini kifaa hicho na si kingine, na kimetajwa kwenye itifaki yako kabla hujafungua makala hata moja.

## Hatua ya 2: Andika jaribio la kufikirika

Andika jaribio la nasibu ambalo lingejibu swali lako kama fedha, muda na maadili visingekuwa kikwazo. Kila upendeleo utaupima kwa kuangalia kohoti imeachana wapi na jaribio hilo.

Kwa mfano wetu: wanaume wazima, hawana VVU, hawajatahiriwa. Kura inapigwa, nusu wanatahiriwa na mhudumu aliyefunzwa, nusu wanasubiri. Wote wanapimwa VVU kwa ratiba ileile kwa miaka miwili.

Sasa itazame kohoti halisi. Wanaume waliotahiriwa ndani yake wengi walifanyiwa utotoni au ujanani, kwa sababu ya dini au mila, miaka mingi kabla ya mtafiti kufika. Hawakupigiwa kura. Tofauti hiyo tu imekwisha kuonyesha maswali magumu yatatoka wapi.

Umefanikiwa ukiona: mtu asiye wa fani yako anasoma aya hiyo na kuelewa nani anapata nini na saa inaanza kuhesabiwa lini.

## Hatua ya 3: Orodhesha vichanganyi kabla ya kufungua makala

Kama una muda wa kuifanya vizuri hatua moja tu, ifanye hii.

Kichanganyi ni kitu kinachohusiana na kiathiri na pia kinabadilisha uwezekano wa tokeo. Orodha yake inatoka kwenye ujuzi wa mada, haitoki kwenye makala unayoipima. Ukisoma makala kwanza, utaona kila walichorekebisha kuwa kinatosha, kwa kuwa hukuwa na kitu cha kulinganishia.

Kaa na yule mtu wa kitabibu. Kwa tohara na VVU mtaandika: umri, dini, jamii anayotoka, idadi ya wapenzi, kondomu, pombe, kazi ya kusafiri, elimu na kipato.

Dini inastahili maelezo. Rakai, sehemu kubwa ya waliotahiriwa walikuwa Waislamu, na Mwislamu anaweza kutofautiana na jirani yake katika unywaji wa pombe, usafi wa mwili na mienendo ya ndoa. Watafiti wa Rakai wenyewe, katika makala yao ya mwaka 2000, walikiri kwamba kinga iliyoonekana imechanganyika na mila na mienendo ya Waislamu. Kenya sura ni nyingine. Huko asiyetahiriwa mara nyingi alitoka jamii isiyo na mila ya tohara, kama Wajaluo wa kando ya Ziwa Victoria, eneo ambalo maambukizi yalikuwa juu kuliko sehemu nyingi za nchi. Swali ni lile lile, lakini kichanganyi kikuu si kile kile. Ndiyo maana orodha ya kunakili kutoka mapitio ya wengine haifai.

Onyo la kwanza: usiweke kwenye orodha kitu kilicho njiani kati ya kiathiri na tokeo. Vidonda vya sehemu za siri ni mfano mzuri. Kama tohara inapunguza vidonda, na vidonda hufungua mlango kwa VVU, basi kurekebisha kwa vidonda ni kufuta sehemu ya athari unayoitafuta.

Onyo la pili: "kipato cha kaya" kinachopimwa kwa swali moja la ndiyo au hapana hakijapimwa. Andika pia kila kichanganyi kingepaswa kupimwa vipi.

Umefanikiwa ukiona: orodha ina tarehe ya kabla ya kusoma makala, na vitatu au vinne kati ya vichanganyi vimewekewa alama kuwa bila hivyo utafiti hauwezi kupewa chini ya "hatari kubwa".

## Hatua ya 4: Chagua kadirio utakalolipima

Hupimi makala wala waandishi. Unapima kadirio moja kwa tokeo moja. Makala ileile inaweza kuwa na hatari ndogo katika kupima kifo na kubwa katika kupima maumivu, kwa sababu kifo hakitegemei nani anauliza.

Mfano: katika wapenzi wa Rakai ambao mwanamke alikuwa na VVU na mwanaume hana, taarifa ya mwaka 2000 ilionyesha maambukizi mapya 0 kati ya wanaume 50 waliotahiriwa, na 40 kati ya 137 wasiotahiriwa. Namba hizo zinashtua, lakini ni ghafi, hazijarekebishwa chochote. Kohoti ya wafanyakazi wa kampuni za malori, Mombasa, iliyochapishwa 1999, ilitoa hatari ya takriban mara 4 kwa wasiotahiriwa, baada ya marekebisho. Ukizipima kama "makala mbili za tohara" bila kusema ni kadirio lipi, hukumu yako haina kitu cha kusimamia.

Na wale wanaume 50? Uchache wao ni suala la usahihi wa kadirio. Utauhesabu baadaye kwenye GRADE, mfumo wa kupanga madaraja ya uhakika wa ushahidi. Hapa uache.

Umefanikiwa ukiona: kila mstari wa jedwali lako una jina la utafiti, tokeo, na namba kamili pamoja na ukurasa ilikotoka.

## Hatua ya 5: Pita nyanja saba

Maswali elekezi hujibiwa kwa Ndiyo, Huenda ndiyo, Huenda hapana, Hapana, au Hakuna taarifa. Kisha kila nyanja hupewa hukumu: ndogo, wastani, kubwa, kubwa mno, au hakuna taarifa.

1. Uchanganyi. Toa orodha ya hatua ya 3 na uiweke kando ya jedwali la marekebisho. Weka alama kwa kila kichanganyi: kimepimwa? Kimepimwa vizuri? Kimeingizwa kwenye hesabu? Kikikosekana kile cha lazima, hukumu ni kubwa, hata kama wamerekebisha vitu kumi na viwili vingine. Usitarajie kutoa "ndogo" hapa. Ni nadra kohoti kulingana na jaribio la nasibu, na "wastani" ni alama ya heshima.

2. Uteuzi wa washiriki. Swali la msingi: je, ufuatiliaji umeanza siku ileile kiathiri kilipoanza?

Hapa kuna mifano miwili ya mtego. Wa kwanza ni homoni kwa wanawake waliokoma hedhi. Kohoti kama Nurses' Health Study ya Marekani zilionyesha kwamba wanaotumia homoni wanapata ugonjwa wa moyo kidogo. Mwaka 2002 jaribio la Women's Health Initiative, lenye wanawake 16,608 katika sehemu yake ya estrojeni na projestini, lilisimamishwa mapema, na hatari ya moyo ilikuwa imepanda badala ya kushuka. Hatari hiyo ilikuwa kali zaidi mwaka wa kwanza wa matumizi. Kohoti iliyowasajili wanawake ambao tayari walikuwa wakitumia homoni ilikuwa imewakosa walioumia mwanzoni. Waliobaki ndio waliozivumilia. Ongeza kwamba watumiaji walikuwa na afya na kipato bora tangu awali, utaona nyanja mbili zikivuta upande mmoja.

Mtego wa pili ni muda ambao mtu hawezi kufa. Tuseme utafiti wa isoniazidi, dawa ya kuzuia kifua kikuu, unalinganisha "waliomaliza miezi 6 ya isoniazidi" na "wasiomaliza", na saa inaanza siku ya kwanza ya dawa. Ili uhesabiwe kati ya waliomaliza, ni lazima uwe hai miezi 6. Aliyekufa mwezi wa pili anaangukia kundi la pili, apende asipende. Dawa itaonekana inaokoa maisha hata ingekuwa maji ya chumvi. Ukikuta kundi limefafanuliwa kwa jambo lililotokea baada ya saa kuanza, simama. Kama hawakulishughulikia kwenye hesabu, hukumu ni kubwa au kubwa mno.

3. Uainishaji wa kiathiri. Nani alikuwa na kiathiri, nani hakuwa nacho, na ilijulikanaje? Hali ya tohara kwa kumuuliza mtu si sawa na kwa kumchunguza mwilini. Wapo wanaojibu kimakosa. Angalia pia kama taarifa ilichukuliwa kabla tokeo halijajulikana.

4. Kuachana na kiathiri kilichokusudiwa. Kwa tohara nyanja hii ni nyepesi. Haina kurudi nyuma. Kwa dawa za kila siku ni nzito. Tafuta waliobadili dawa, walioacha, na waliopewa matibabu ya ziada kwa kiwango tofauti kati ya makundi.

5. Data zinazokosekana. Achana na kanuni ya "chini ya asilimia 20 ni salama". Uliza waliopotea ni akina nani na kwa nini. Dereva wa malori akianza kuugua anaweza kuacha kazi na kurudi kwao bara. Ameondoka kwenye ufuatiliaji kwa sababu ya tokeo lenyewe. Upotevu wa asilimia 8 wa namna hiyo unaweza kudhuru kuliko asilimia 25 ya watu waliohama kufuata kilimo. Linganisha kundi kwa kundi, kisha tazama kama waandishi walijaribu hesabu mbadala.

6. Upimaji wa tokeo. Kipimo cha VVU maabara hakimwangalii mtu dini. Dodoso la uchungu au "hali ya maisha" linaathiriwa na mwulizaji anayejua nani ametumia nini. Hakikisha makundi yote yalipimwa kwa njia na ratiba moja, kwani anayekuja kliniki mara nyingi hugunduliwa ugonjwa mara nyingi.

7. Uteuzi wa matokeo yanayoripotiwa. Linganisha makala na itifaki. Kama haipo, tafuta dalili: modeli nyingi zilizoelezwa lakini moja tu imeonyeshwa, au mipaka ya umri isiyo na sababu. Bila itifaki, usitoe "ndogo".

Umefanikiwa ukiona: kila jibu lina nukuu, na kila "Hakuna taarifa" umeitafuta pia kwenye viambatisho na makala za awali za kohoti hiyo.

## Hatua ya 6: Toa hukumu ya jumla na useme upendeleo unavuta wapi

Hukumu ya jumla haiwezi kuwa bora kuliko nyanja mbaya kuliko zote. Nyanja sita za "ndogo" na moja ya "kubwa" ni "kubwa". Hakuna wastani wa kupiga hapa. Nyanja kadhaa za "kubwa" zikikusanyika zinaweza kukufikisha "kubwa mno".

Kisha andika mwelekeo: upendeleo huu unaikuza athari au unaififisha? Sentensi moja inatosha, ila lazima iwe na sababu. Wengi huiacha sehemu hii wazi, na ndiyo inayomsaidia zaidi mfanya maamuzi.

Turudi kwenye tohara. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2003 yalipima tafiti za uchunguzi zilizokuwepo na kuhitimisha kwamba ushahidi hautoshi, kwa sababu ya uchanganyi. Baadaye yakaja majaribio matatu: Orange Farm nchini Afrika Kusini mwaka 2005, kisha Kisumu na Rakai mwaka 2007. Yote yalionyesha tohara inapunguza maambukizi kwa wanaume kwa takriban nusu au zaidi kidogo. Je, Cochrane walikosea? Kwa maoni yangu, hapana. "Hatari kubwa" haimaanishi "jibu ni la uongo". Inamaanisha kwa ushahidi huu pekee hatuwezi kutofautisha tohara na maisha ya anayetahiriwa. Katika tohara kohoti zilielekeza penye ukweli, katika homoni zilielekeza kinyume, na aliyekuwa na kohoti peke yake mkononi hakuwa na njia ya kujua yuko kwenye hadithi ipi.

Onyo: usibadilishe hukumu kwa sababu unajua majaribio yalisema nini baadaye.

## Hatua ya 7: Linganisheni majibu, wasomaji wawili

Jaribuni kwanza na tafiti mbili au tatu, mkutane, mkubaliane maana ya kila swali. Baada ya hapo kila mtu apime peke yake. Mkitofautiana, rudini kwenye nukuu, si kwenye cheo. Mwanafunzi anayepima na msimamizi wake huwa na kishawishi cha kunyamaza. Ndiyo maana mtu wa tatu wa kuamua atajwe tangu kwenye itifaki.

Umefanikiwa ukiona: mmetunza majibu ya awali ya kila mmoja, mbali na yale ya mwafaka.

## Hatua ya 8: Itumie hukumu uliyoitoa

Mapitio mengi yana jedwali la upendeleo ukurasa wa tisa, kisha ukurasa wa kumi tafiti zote zinaunganishwa kana kwamba jedwali halikuwepo.

Makadirio yenye hatari kubwa mno yasiingie kwenye uchambuzi unganishi, yaani hesabu ya kuunganisha makadirio ya tafiti nyingi. Yaeleze kwa maneno. Yaliyobaki yaunganishe, kisha rudia hesabu bila yale ya "kubwa" uone kama jibu linahama. Likihama, liandike kwenye muhtasari, si kwenye kiambatisho tu. Kwa mchoro wa rangi za taa za barabarani, programu ya bure ya robvis inatosha. Weka nyanja zote saba, si jumla peke yake.

Kwenye GRADE kuwa mwangalifu usiuadhibu utafiti mara mbili. Ukitumia ROBINS-I, ushahidi wa kohoti huanzia daraja la juu, kisha unashushwa kwa uchanganyi na upendeleo ulioukuta, mara nyingi ngazi mbili. Ukitumia Newcastle-Ottawa, unaanzia daraja la chini kwa kuwa tayari umehesabiwa kwamba si wa nasibu. Wanaoanzia chini na bado wakashusha kwa uchanganyi uleule hufika "chini sana" kwa kila swali. Mhakiki akiliona hilo kwenye jedwali lako, atakurudisha kwenye hatua ya 1.